Mkufunzi Wako wa Mazoezi Alisoma Lini Mara ya Mwisho?

Jumapili zilizopita tumezungumza sana juu ya mazoezi ya mwili: jinsi baba wa miaka 45 ambaye hajakimbia tangu amalize shule anavyoweza kuanza pole pole, na jinsi mama anayeketi kibandani kutwa nzima anavyoweza kuunyoosha mgongo wake. Leo, mpenzi msomaji, naomba tumwache kando yule anayefanya mazoezi, tumgeukie yule anayemfanyisha. Nina maana ya mkufunzi, yule ambaye mitaani wengi humwita kocha au instrakta, na ambaye mikononi mwake tunaiweka mioyo yetu, migongo yetu na watoto wetu, mara nyingi bila hata kumwuliza swali moja.

Ukipita katika mitaa ya Eastlands jioni, hutakosa kumwona. Yumo katika kumbi za kijamii ambako ndondi zimefunzwa kwa miaka na mikaka. Yuko uwanjani Camp Toyoyo, kule Jericho, akiwakimbiza vijana wa kandanda. Yuko ghorofa ya mwisho ya jumba la kukodisha huko Umoja au Kayole, ambako mwenye nyumba aliona heri paa liwe jimu kuliko liwe mahali pa kuanikia nguo. Na Jumamosi asubuhi anaongoza erobiki kwa muziki unaosikika hadi kwenye steji ya matatu.

Wengi wao ni vijana wenye bidii. Wapo wanafunzi wa vyuo wanaojilipia karo kwa kazi hii, na wapo waliookoka na mambo mabaya ya mtaani kwa sababu tu walipata pahali pa kwenda saa kumi na mbili jioni. Siandiki haya ili kuwamwagia unga wao. Lakini tuseme ukweli: wengi walipewa kazi kwa sababu ya mikono yao. Kijana alikuja kama mwanachama, akanyanyua vyuma miaka miwili, kifua kikatanuka, mwenye jimu akamwambia, "Sasa wewe wafundishe wengine." Misuli ikawa ndiyo shahada yake. Ni sawa na kumwajiri dereva wa matatu kwa sababu gari limepakwa rangi nzuri.

Na hata yule aliyesoma, swali la pili ni alisoma lini. Elimu ya mazoezi haikai kama msumari ukutani. Chukua mfano wa kifundo cha mguu kilichoteguka. Mnamo 1978 daktari mmoja Mmarekani, Gabe Mirkin, alitoa kitabu kilichoeneza kanuni ya mambo manne: pumzika, weka barafu, funga bendeji, inua mguu. Makocha wa dunia nzima waliikariri kama watoto wanavyokariri jedwali la kuzidisha. Lakini mwaka wa 2014 Mirkin huyo huyo aliandika kwamba barafu na kupumzika kabisa huenda vikachelewesha kupona. Siku hizi ushauri ni kwamba barafu ya dakika chache ya kutuliza maumivu si dhambi, lakini kama hakuna mfupa uliovunjika, mguu uanze kusogezwa mapema kadiri maumivu yanavyoruhusu. Kocha aliyesoma mwaka wa 1990 na hakurudi tena darasani atakulaza kitandani majuma mawili.

Au chukua ile desturi ya kuanza mazoezi kwa kuinama, kushika vidole vya miguu na kukaa hivyo huku mkihesabiwa. Uchunguzi mwingi uliofanywa umeonyesha kuwa kuvuta msuli mmoja kwa zaidi ya dakika moja, kabla tu ya kunyanyua au kukimbia, hupunguza nguvu kidogo badala ya kuziongeza. Linalosaidia ni kuupasha mwili moto kwa kusogea: kutembea kwa kasi, kuinua magoti, kuchuchumaa bila uzito wowote. Wakufunzi wa kandanda walipewa ratiba nzuri ya namna hii na FIFA mwaka wa 2006, nayo huchukua kama dakika 20. Ilipojaribiwa nchini Norway kwa wasichana wa miaka 13 hadi 17, na matokeo kuchapishwa mwaka wa 2008, majeraha yalipungua kwa karibu theluthi moja. Haitaki kifaa chochote isipokuwa mpira na uwanja. Kocha wa timu ya watoto wa mtaa asiyeijua amewanyima watoto hao kitu cha bure.

Ndiyo maana kwingineko cheti cha kazi hii huwa na tarehe ya kuisha, kama paketi ya maziwa. American Council on Exercise, lililoanzishwa mwaka wa 1985 na ambalo vyeti vyake hutafutwa hata na Wakenya, humtaka mkufunzi asome saa 20 za mambo mapya kila miaka 2, na awe na kadi ya huduma ya kwanza ya moyo ambayo haijapitwa na wakati. Asipofanya hivyo, cheti chake hufa.

Lakini msomaji wangu wa Dandora ataniuliza, "Haya ya Marekani yananihusu nini, na jimu yetu ina mikebe ya saruji?" Swali zuri. Tuanze na hiyo mikebe.

Sina ubaya na vyuma vya saruji. Wanaume wengi wenye afya katika jiji hili walijengwa navyo. Shida yake ya kwanza ni kwamba havikuandikwa uzito. Lita moja ya zege huwa na kilo 2.3 au 2.4 hivi, kwa hivyo mkebe wa rangi wa lita 4 ukijazwa unafika kilo 9 na zaidi, na ule wa lita 10 unapita kilo 20. Lakini aliyeuchanganya mchanga na kokoto hakutumia mizani, na mkebe wa kushoto unaweza kuzidi wa kulia kwa kilo moja au mbili. Bega la mtu hulijua hilo kabla ya macho yake. Mkufunzi anayejali atavipeleka vyuma hivyo kwa muuza nafaka au kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, avipime kila upande, na aandike uzito kwa rangi. Ni kazi ya asubuhi moja.

Shida ya pili ni kubwa kuliko hiyo, na sijui kama wengi wameifikiria. Vyuma vya dukani hutiwa kwenye ncha za fimbo na vinaweza kutolewa. Mtu aliyelala kwenye benchi akisukuma vyuma peke yake, akiishiwa nguvu na fimbo ikamlalia kifuani, anaweza kuinamisha upande mmoja vyuma vikamwagika, kama hakuvifunga. Mkebe wa saruji umeshikamana na bomba. Haumwagiki. Fimbo ikitua shingoni, imetua. Kwa hivyo katika jimu ya saruji kanuni ni moja tu: hakuna kulala kwenye benchi na kusukuma bila mtu kusimama kichwani pako, macho kwenye fimbo, simu mfukoni. Na benchi lenyewe lililoungwa na fundi wa jua kali likaguliwe kila mwezi pale palipolehemiwa. Ufa mdogo wa leo ni meno yaliyovunjika kesho.

Sasa tuje kwenye jambo linaloniudhi zaidi ya yote, nalo ni ile tabia ya "kumvunja mgeni". Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone; katika jimu nyingi mgeni akija, mwenyeji anacheka na mgeni ndiye anayehitaji kupona. Siku ya kwanza anachuchumalishwa mara mia, anapigishwa pushapu hadi mikono ikatae, kisha anaambiwa kwamba asipoweza kupanda ngazi kesho yake, basi mazoezi yamemwingia. Kijana anaondoka amejaa fahari.

Kinachoweza kutokea ndani ya mwili wake ni hiki. Msuli usiozoea ukilazimishwa kupita kiasi huvunjika-vunjika, na vitu vilivyokuwa ndani yake humwagika kwenye damu. Figo, ambazo kazi yake ni kuchuja, huziba. Madaktari walilielewa vyema jambo hili London mwaka wa 1941, walipowatibu watu waliofukiwa na vifusi vya nyumba zilizopigwa mabomu: mtu alitolewa akiwa hai, akazungumza, kisha baada ya siku chache figo zikamwua. Mazoezi ya kupita kiasi yanaweza kufanya vivyo hivyo bila kifusi chochote. Mwezi wa Januari 1911, la hasha, 2011, wachezaji 13 wa kandanda ya Kimarekani wa Chuo Kikuu cha Iowa walilazwa hospitalini baada ya mazoezi yaliyokuwa na kuchuchumaa mara 100 na uzito mabegani. Hao walikuwa wanariadha hodari waliokuwa wametoka likizo ya majuma matatu tu. Je, karani wa ofisi ambaye likizo yake imedumu miaka kumi na mitano?

Dalili za kuangalia ni tatu: maumivu makali yasiyolingana na kazi iliyofanywa, misuli kuvimba na kukosa nguvu, na mkojo wa rangi ya strungi. Ukiona mkojo wa namna hiyo siku moja au mbili baada ya mazoezi, usinywe dawa ya maumivu ukalala. Nenda hospitali usiku huo huo, iwe ni Mama Lucy Kibaki au iliyo karibu nawe, na umwambie daktari wazi kwamba ulifanya mazoezi mazito. Mzazi, kijana wako akirudi nyumbani akitembea kama aliyepigwa, mwulize swali hilo la mkojo hata kama ataona haya. Mwili hutibika vizuri ukiwahiwa.

Dawa ya kuzuia ni nyepesi mno. Mgeni afanye nusu ya anachofikiri anaweza, kwa majuma mawili ya kwanza. Mkufunzi aliyesoma hujulikana kwa jinsi anavyomzuia mgeni kuliko anavyomsukuma.

Kabla hata ya kumpa mgeni fimbo, yapo maswali ya kumwuliza. Kule British Columbia, Kanada, katika miaka ya 1970, wataalamu walitunga orodha fupi ya maswali ya kumchuja mtu kabla hajaanza mazoezi, na imeendelea kurekebishwa tangu wakati huo. Haihitaji daktari kuiuliza. Umewahi kuambiwa una ugonjwa wa moyo? Kifua hukuuma unapojitahidi, au hata ukiwa umekaa? Hupata kizunguzungu au kuzimia? Una mfupa au kiungo kinachokusumbua? Unameza dawa za presha? Akijibu ndiyo kwa mojawapo, aonane na daktari kwanza, kisha arudi. Najua kocha mmoja mmoja ataogopa kumpoteza mteja wa shilingi mia. Lakini mteja aliyeulizwa vizuri hurudi, tena na mkewe.

Swali la presha si la kupuuzwa. Mwaka wa 1985 watafiti wa Chuo Kikuu cha McMaster nchini Kanada waliwapima wanyanyua vyuma msukumo wa damu wakati wenyewe wanasukuma uzito mkubwa kwa miguu. Wewe na mimi tukipimwa kliniki hupendezwa na 120 kwa 80. Mmoja wa wale alipita 480 kwa 350. Sehemu ya sababu ni kuzuia pumzi, yaani kule kufumba kinywa na kukaza tumbo wakati wa kunyanyua. Kijana mwenye afya hulivumilia kwa sekunde hizo chache. Mzee mwenye presha ambaye hajui kama anayo huenda asilivumilie. Kwa hivyo mkufunzi awafunze watu wa umri huo kutoa pumzi wanaposukuma, na awape uzito mdogo wa kurudia mara nyingi. Na mwenye kisukari anayejidunga insulini awe na kitu kitamu karibu, hata kama ni soda ndogo au peremende.

Akina mama wajawazito nao wameteseka kwa ushauri wa zamani. Mwaka wa 1985 madaktari wa uzazi wa Marekani walisema moyo wa mjamzito usipite mapigo 140 kwa dakika anapofanya mazoezi, na kanuni hiyo ikafika kila mahali. Waliifuta mwaka wa 1994. Leo mama ambaye mimba yake haina matatizo hushauriwa atembee na afanye mazoezi ya wastani karibu kila siku, na kipimo chake ni kwamba aweze kuzungumza huku akifanya. Wapo wakufunzi ambao bado humfukuza mama mlangoni kwa kanuni iliyofutwa kabla wao wenyewe hawajazaliwa. Na kwa wale wanaoniuliza kama vyuma vitamfupisha mtoto: uzito mwepesi, mafunzo mazuri na mtu mzima wa kumwangalia havimfupishi mtoto.

Kuna hili la kujifunga nailoni. Wanaotaka kupunguza tumbo, na mabondia wanaotaka kufikia uzito wa pambano, hujizungushia nailoni chini ya shati na kukimbia juani bila kunywa maji. (Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki Agosti 2017, lakini nailoni ya kufunikia magodoro haijatuishia.) Kinachopungua ni maji, na kikombe kimoja cha uji hukirudisha. Kinachoongezeka ni joto la mwili, kwa sababu jasho lisilokauka halipozi chochote. Kati ya Novemba na Desemba 1997, wanafunzi watatu wa miereka katika vyuo vikuu vya Marekani walikufa mmoja baada ya mwingine wakijitoa jasho kwa namna hiyo ili wapunguze uzito. Baada ya hapo mavazi hayo ya mpira yalipigwa marufuku katika miereka ya vyuo. Mkufunzi anayemfunga mwanafunzi wake nailoni leo anafanya jambo ambalo limejulikana kuua kwa zaidi ya robo karne.

Tukiwa bado kwenye ndondi, hatuwezi kupita bila kumkumbuka Robert Wangila, aliyetuletea dhahabu ya Olimpiki kutoka Seoul mwaka wa 1988. Alikufa mjini Las Vegas mnamo Julai 1994 kwa majeraha ya kichwa baada ya pambano. Alikuwa na miaka 26. Wangila alikuwa na madaktari kando ya ulingo. Kijana anayefanya sparingi katika ukumbi wa mtaa Jumatano jioni ana kocha wake tu. Ndiyo maana kocha huyo lazima ajue yale ambayo wataalamu wa majeraha ya kichwa wamekuwa wakikubaliana tangu mkutano wao wa kwanza mjini Vienna mwaka wa 2001: mtu aliyepigwa kichwani akaonekana kuduwaa, akapepesuka, akasahau raundi ni ya ngapi, au akatapika, amemaliza kazi ya siku hiyo. Asirudi hata akisema yuko sawa. Kumnusisha dawa kali na kumwuliza ni vidole vingapi si kumpima. Aliyeangushwa kwa nokauti akapoteza fahamu aende hospitali, na asiguse glavu za sparingi mpaka daktari amruhusu. Kofia ya kujikinga huzuia kukatwa nyusi, lakini ubongo bado hutikisika ndani.

Sasa moyo. Mashabiki wa kandanda hawajasahau Marc-Vivien Foé wa Kameruni alivyoanguka mjini Lyon Juni 2003, asiamke tena. Wala Fabrice Muamba, mzaliwa wa Kongo, aliyeanguka jijini London Machi 2012 akiichezea Bolton. Moyo wa Muamba ulikaa dakika 78 bila kupiga wenyewe, naye yu hai hadi leo. Wala Christian Eriksen kule Copenhagen Juni 2021. Waliomwokoa Muamba na Eriksen hawakungoja kufika hospitali. Walianza kupiga kifua pale pale nyasini, wakautia moyo umeme kwa mashine.

Mashine hiyo ni nadra kuipata Eastlands. Mikono tunayo. Moyo ukisimama, kila dakika inayopita bila msaada huondoa asilimia 7 hadi 10 ya nafasi ya mtu kupona. Piga hesabu mwenyewe ambulansi ikitoka mjini saa kumi na mbili jioni na kukuta Jogoo Road ilivyo. Kwa hivyo anayeanguka, asipoitika na asipopumua vizuri, mtu mmoja apige simu na mwingine aanze kifua mara moja: kisigino cha mkono katikati ya kifua, mkono wa pili juu yake, viwiko vimenyooka, shuka sentimita 5 hadi 6, uache kifua kirudi, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Zamani tulifunzwa kuanza na kupuliza pumzi mdomoni. Tangu 2010 mafunzo huanza na kifua, na asiyefunzwa kupuliza aendelee na kifua peke yake bila kukoma, akipokezana na wenzake kila dakika mbili. Wakufunzi wa erobiki wana bahati hapa, kwani kasi hiyo tayari imo masikioni mwao. Wimbo wa Bee Gees wa 1977, "Stayin' Alive", hutumiwa kufundishia kwa sababu una karibu mapigo hayo.

Lakini kusoma gazetini si kufunzwa. Lazima mkono wako uguse ile sanamu ya kufundishia, mwalimu akwambie hujashuka vya kutosha. Mafunzo ya namna hiyo hutolewa na St John Ambulance, ambayo imo nchini tangu 1928, na na Shirika la Msalaba Mwekundu, lenye makao yake South C. Kwa anayetaka kuifanya kazi hii iwe taaluma, Chuo Kikuu cha Kenyatta kina idara ya sayansi ya mazoezi na michezo. Na mwenye jimu asisahau kwamba jimu ni mahali pa kazi, na Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka awe na kisanduku cha huduma ya kwanza kinachofikika kwa urahisi. Kisanduku chenye bendeji moja na panya aliyekufa hakihesabiki.

Juu ya dawa za kukuza misuli sitasema mengi leo. Mkufunzi akikuuzia tembe au sindano, ondoka.

Najua pia kwamba siku hizi kijana hujifunza kwenye simu, kutoka kwa mtu mwenye kifua kama ukuta aliyeko Marekani au Urusi. Baadhi ya video hizo ni nzuri. Tatizo ni kwamba anayezungumza hamwoni anayesikiliza: hajui kwamba mama wa Kariobangi aliyesimama mbele ya kocha ana goti lililofanyiwa upasuaji. Kocha anayesoma na wenzake, akawaonyesha anavyofundisha nao wakamkosoa, hujifunza haraka kuliko anayetazama kioo usiku kucha.

Kila mara linarudi suala la pesa. Mwenye jimu ya paa atasema hana za kumpeleka kocha darasani, na huenda ni kweli. Basi wanachama wajitolee. Watu 30 wakitoa shilingi 50 kila mmoja kwa juma, ni shilingi 1,500, na kwa mwezi ni 6,000. Tumechangia harusi za watu tusiowajua kwa zaidi ya hizo. Zikusanywe na mweka hazina wa jimu, kocha aende, arudi na cheti, kisha awafunze wanachama wote Jumapili moja alasiri yale aliyoyaona. Cheti kibandikwe ukutani, tarehe ya kuisha ikiandikwa kwa maandishi makubwa, ili hata mtoto aweze kuuliza mbona imepita.

Kando ya cheti hicho pabandikwe karatasi nyingine yenye nambari za dharura: 999, 112, na 1199 ya Msalaba Mwekundu. Chini yake paandikwe jina la mtaa, barabara na jengo, maana mtu aliyeingiwa na hofu husahau hata anakoishi. Na kwa jimu za ghorofani, paandikwe ni nani mwenye ufunguo wa lango la chini, na ni nani atakayeshuka kusimama barabarani kuwaonyesha wenye machela ngazi.

Jumapili ijayo: viatu vya mitumba vya kukimbilia, na jinsi ya kuvikunja na kuvikagua soli pale Gikomba kabla hujalipa.